Kwanza Subiri Upepo

Kila nikiona mtu anaandika barua kwenye kompyuta, anaihifadhi, anazima mashine na kuondoka akipiga mluzi, halafu kesho yake anairudia barua yake na kuikuta salama, hunijia hamu ya kumshika bega nimuulize: unajua nani alikufanyia hivyo? Hajui. Wakati mwingine namuuliza kweli, na ndiyo maana wanangu hawapendi kuongozana nami maofisini.

Ilikuwa Makambako, miaka ile ya soko huria, biashara zilipofunguka na kila kitu kikaanza kutufikia kwa mtumba: suruali, baiskeli, jokofu, na mwisho kompyuta. Tajiri wangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyehamia kutoka Singida na kufungua duka la vipuri karibu na stendi. Alinunua kompyuta moja kuukuu, ya njano kama meno ya mvuta tumbaku, akaiweka chumba cha nyuma na kubandika karatasi dirishani: TUNACHAPA KWA KOMPYUTA. Wote tulimwita Mzee, ingawa ndevu zake zilikuwa bado nyeusi. Mimi alinichukua kwa kuwa nilisomea uhazili na nilichapa bila kutazama vidole. Wateja walipozidi akamchukua msichana mwingine, na huyo ndiye ninayetaka kumsema hapa.

Alitoka kijiji kimoja cha Wabena upande wa Njombe, familia ya Kilutheri, watu wa viazi, mahindi na kwaya. Alifika na sanduku la bati, sweta mbili alizozivaa zote kwa pamoja, na sifa mbaya. Kwao walimwita Mharibifu. Alikwishavunja sahani, sindano za cherehani, kioo cha chemli na kitasa cha mlango wa mchungaji. Mama yake alikuwa na chungu kikubwa cheusi alichoachiwa na mama mkwe wake. Maharage ya chungu kile yalisifika kijiji kizima, ingawa moto wa jiko lile ulikuwa wa kuzimikazimika na mama alishinda akilaumu kuni. Pale nyumbani kila mtu alikigusa chungu hicho isipokuwa Mharibifu, aliyekatazwa. Siku anaondoka, mama alimwambia, "Nenda salama, mwanangu. Usiende kuharibu vya watu."

Haya alinisimulia siku ya kwanza tu, huku akicheka mpaka akakaa chini. Nikampenda hapo hapo.

Programu ya kuandikia iliyokuja na ile kompyuta ilikuwa ya wizi, tena imejaa virusi kama mbwa asiye na mwenyewe alivyojaa kupe. Ndipo mwalimu mmoja aliyefundisha kompyuta kule Njombe akatuletea CD. Akatueleza kwamba hii ni programu huria: imeandikwa na watu waliotawanyika duniani, hawajuani kwa sura, wanaigawa bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani aone ilivyoundwa.

Mzee alimsikiliza akiwa amekunja mikono. "Mwalimu, soko huria nalijua. Humo hamna cha bure."

"Hawaombi kitu, Mzee. Wanaomba ukiona kasoro uwaambie."

Nilicheka. Mimi nimekulia sokoni. Kwetu anayekuuzia debe la viazi hupanga vikubwa juu, na ukianza kuchimbua chini anakuuliza kama umekuja kununua au kulima. Sasa ni nani hawa wanaoomba uchimbue? Lakini mwenzangu hakucheka. Alikuwa ameishika ile CD kwa mikono miwili.

"Wanataka tuwaambie palipovunjika?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Hata kama panavunjika kila siku?"

"Hasa kama panavunjika kila siku," mwalimu alisema.

Jamani, uso ule! Ungedhani ametangaziwa uchumba. Maisha yake yote alikuwa anatafutwa kwa fimbo kwa sababu ya jambo ambalo kumbe kuna watu ng'ambo walikuwa wanaliomba kwa barua.

Basi akaanza. Kazi za wateja zikiisha, anakaa pale anaitesa ile programu kwa furaha ambayo sijaiona tena hata harusini. Aliweka jedwali ndani ya jedwali, na ndani yake akaweka picha ya mbuzi, halafu akamgeuza mbuzi kichwa chini. Aliiamuru ichape ukurasa ambao haupo. Aliandika neno moja refu kama treni ya mizigo, bila nafasi, aone litakatikia wapi. Ikianguka, yaani skrini ikiganda au kila kitu kikitoweka, tunapiga vigelegele na mimi naandika: tulifanya hiki, tukategemea hiki, kikatokea kile. Kiingereza changu cha uhazili kilikuwa cha barua za kiofisi, kwa hiyo hata habari za mbuzi nilizianza kwa "Ndugu, husika na kichwa cha habari hapo juu."

Makambako intaneti ilikuwa haijafika, kwa hiyo Jumamosi tulipanda Njombe, kwenye intaneti kafe moja yenye baridi ya kutosha kuhifadhia nyama, tukatuma. Na kule Ulaya alikuwepo fundi mmoja aliyekuwa akijibu. Alijibu kila mara! Anashukuru, anauliza swali, na wiki nyingine anatuambia mbuzi amepona. Mwenzangu alikuwa ananiomba nimsomee lile neno "asante" la Kiingereza kama vile hakulijua tangu darasa la tatu.

Raha hiyo ingeendelea kama si wakulima wa viazi wa Kitandililo, kijiji cha jirani. Walikuja kuchapiwa risala ya kumsomea mgeni wa serikali. Mwenzangu akaichapa vizuri, wakaenda kutafuta chai, wakarudi. Tukafungua faili ili tuitoe kwenye printa. Nyeupe pe! Jina la faili lipo, ndani hamna hata nukta. Wakulima wanamtazama yeye, yeye ananitazama mimi, mimi natazama dari. Tuliichapa upya kwa mbio mgeni akiwa njiani. Kisha siku nyingine zikapotea kadi za harusi, na baba wa bibi harusi hakuwa mtu mpole.

Mzee hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga.

"Binti," alisema, "likipotea faili jingine utarudi kwenu. Sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na mikono yako."

Siku ile mwenzangu hakucheka hata kidogo. Jioni tukifunga madirisha aliniambia, "Dada, nikirudi nimefukuzwa kwa kuharibu, nyumbani sitapewa hata kikombe cha kunywea." Nilijua si mzaha. Kwa hiyo ama tungeonyesha kwamba ni programu inayokula mafaili, ama rafiki yangu angerudi kijijini akiwa amethibitishwa kuwa Mharibifu, tena kwa ushahidi wa tajiri wa mjini.

Tukamwandikia fundi. Akajibu kwa upole kwamba amejaribu siku nzima na kwake haitokei. Nikajaribu mimi kwenye mashine ile ile ya kwetu: nikachapa, nikahifadhi, nikafungua. Haitokei. Tukapanda Njombe kwa mwalimu, darasani kwake, mwenzangu akakaa na sweta zake mbili, jiko la mkaa miguuni, akachapa tangu asubuhi mpaka watu wanakwenda kula. Haikutokea! Mwalimu akamtazama kwa huruma, na ile huruma ilinichoma kuliko tusi. Nilimwambia mwalimu kwamba macho hayo akamtazamie mgonjwa. Tukarudi Makambako.

Sasa lazima nieleze kitu kwa ambao hawajakaa Makambako. Pale kuna upepo. Sisemi upepo wa kupepea nguo kambani. Nasema upepo wa kuondoka na kamba. Ukivuma, nyaya za umeme zinacheza, zinagusana, na taa zinazimika bila kuaga, na kazi usiyoihifadhi inakwenda nazo. Kila mchapaji wa mji ule alijifunza kwa machozi. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu: kabla hujaandika neno, hifadhi ukurasa mtupu, ukiandika mstari, hifadhi, ukisikia bati linalia, hifadhi. Mchapaji mgeni tulimfundisha hivyo kabla hata hatujamwonyesha choo kilipo. Mtu wa mahali penye umeme wa kuaminika angeona tumechanganyikiwa. Yeye huandika barua yake yote, akimaliza ndipo anahifadhi, mara moja, kama mtu anayefunga mlango wake kwa ustaarabu.

Alasiri moja nilikuwa nakunja bahasha, mwenzangu anachapa, upepo ukaanza. Bati likalia, balbu ikapepesa. Nikainua macho kutazama balbu, na nilipoyashusha yakaangukia mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vinadonoa kile kitufe cha kuhifadhi, tatatatata, kama kuku aliyemwagiwa mtama. Mkono wa kulia unaendelea na kazi, macho yako kwenye karatasi ya mteja, na ule wa kushoto una maisha yake.

"Unafanya nini?"

"Nachapa, dada."

"Huo mkono wa kushoto!"

Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakuwa anajua. Upepo ulipovuma mkono wake ulijiendea wenyewe, na upepo ulipotulia uliacha. Njombe kwa mwalimu siku ile kulikuwa shwari. Mkono ulikaa kimya kama mtoto kanisani. Mimi nilihifadhi mara moja moja kwa nidhamu ya uhazili. Yule fundi wa Ulaya hakuwa na sababu ya kuogopa bati.

Tukafungua faili. Nyeupe pe! Tukapiga ukelele ambao Mzee aliitikia kwa kuingia mbio na spana mkononi, akidhani tumeingiliwa na mwizi. Alitukuta tumekumbatiana tunaruka mbele ya ukurasa mtupu.

"Limepotea tena?" aliuliza.

"Limepotea, Mzee!" mwenzangu alisema, machozi yanamtoka kwa furaha. "Limepotea na tunajua kwa nini!"

Mzee akakaa juu ya boksi la vipuri, nadhani ili afikiri vizuri ni yupi kati yetu aanze kumpeleka hospitali.

Ripoti tuliyoiandika safari ile haikuanza kwa "husika na kichwa cha habari". Mwenzangu alishikilia tuandike hatua kwa hatua jinsi mambo yanavyokwenda, na hatua ya kwanza, akasema, ni "Kwanza subiri upepo." Nilimwambia watatucheka. Akasema wacheke, lakini bila upepo haitokei. Nikaandika: kwanza subiri upepo.

Fundi akajibu: "Ndugu zangu wa Makambako, upepo unahusikaje?"

Tukamweleza yote, nyaya, bati, desturi yetu, na vile vidole viwili. Jumamosi iliyofuata tulifungua barua yake pale Njombe, na ndani kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: IMETOKEA! Chini yake akaeleza. Programu ikiambiwa ihifadhi, kwanza ilimwaga maandishi ya zamani, ndipo ikamimina mapya. Mashine yake mpya ilifanya hivyo kufumba na kufumbua. Mtumba wetu ulijivuta, na ukiuamuru tena kabla haujamaliza, ulimwaga hata hicho ulichokuwa unamimina. Ni kama kumwambia mtoto abadilishe maji ya ndoo, akishamwaga tu unamwambia tena abadilishe. Fundi alisema ilibidi aichoshe mashine yake kwa kazi nyingine ili iende polepole kama yetu, halafu akadonoa kitufe kama kichaa, mpaka mkewe akachungulia mlangoni kuuliza kama yuko salama.

Tulicheza. Kwenye ile intaneti kafe, na sweta zetu, tulicheza mpaka mwenye kafe akatuomba tukamalizie nje.

Dawa ilipokuwa tayari, mwalimu aliivuta kwenye mtandao kidogo kidogo, akaiweka kwenye CD na kumpa kondakta wa basi dogo atuletee. Tukaiweka kwenye mashine. Mzee akavuta kiti. Tukasubiri upepo. Na mji ule, ambao haujawahi kumnyima mtu upepo, ukanyamaza! Vumbi limelala, mabati yametulia, bendera zinaning'inia. Sijui kama kabla ya hapo kuna mtu yeyote Makambako aliyewahi kuomba upepo, lakini sisi tuliomba, Mzee kwa dini yake na sisi kwa yetu. Ungesema tungejaribu bila upepo. Mwenzangu alikataa kata kata. Alisema akidonoa kwa makusudi si yeye.

Ulipokuja ulikuja kwa hasira. Bati la jirani likapaa. Balbu ikapepesa na mkono wa kushoto ukaanza, tatatatata, huku yeye anachapa orodha ya nyimbo za kwaya. Mzee akasema "Bismillahi" na kuniambia nifungue. Nikafungua. Nyimbo zote zimo, mpaka nukta ya mwisho.

Mzee alimwondoa mwenzangu kwenye kiti, akakaa mwenyewe, akadonoa kwa kidole chake kinene cha mafuta ya gari. Zimo! Akadonoa tena. Zimo! Akageuka akamtazama yule binti, halafu akatoka. Nikadhani amekwenda kuswali. Akarudi na kufuli jipya kutoka dukani, akamwekea mezani.

"Hebu hili nalo lijaribu kuliharibu, kabla sijamuuzia mtu."

Tangu siku ile hakuna tochi, kufuli wala pampu ya baiskeli iliyopanda kwenye shelfu la Mzee bila kupita kwanza mikononi kwa Mharibifu. Habari ya kumrudisha kijijini ikafa kifo chake.

Kilichobaki ni hasira yangu. Programu ile ilikuwa na dirisha la shukrani. Toleo jipya lilipotoka rasmi tulilifungua tukiwa tumejipanga kama watu wa picha ya ukumbusho. Walikuwemo walioandika programu, waliotafsiri, na hata yule aliyechora kile kimkasi kidogo cha kukatia maneno. Waliojaribu na kukuta palipovunjika hawakuwemo, si mwenzangu tu, hata mmoja wao. Yeye alisema si kitu. Mimi nilisema ni kitu kikubwa, nikapanda Njombe siku ile ile, katikati ya wiki, nikaandika barua bila adabu hata chembe. Nikasema wahenga wetu wanafundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kila mtu anamsifu aliyeziba. Hamna anayeuliza nani aliuona ufa.

Fundi alijibu kwamba nina haki. Alisema hata yeye ameona aibu, kwamba kasoro ikishaondoka inaondoka pamoja na jina la aliyeiona, na kwamba atalipeleka suala hilo kwa wenzake. Kisha akatuomba tuifungue programu ndani, mahali pale ilipowekwa dawa, kwa kuwa ni huria na hakuna mlango uliofungwa.

Mwalimu ndiye aliyetufungulia. Mistari na mistari ya alama, mabano na nukta mkato, hatukuelewa hata mmoja. Halafu katikati yake, kulikuwa na mstari mmoja wa lugha ya binadamu, kwa Kiingereza, ulioachwa kwa fundi yeyote atakayepita hapo baadaye: "Usiondoe sehemu hii. Makambako kuna upepo."

Nilimsomea mara nyingi nisizozihesabu. Kila nikimaliza anasema, "Tena, dada." Mwishowe mwalimu akatuchapia ukurasa ule, na kwa kuwa tulikuwa tayari Njombe, tukaenda nao kijijini kwao mwenzangu.

Mama yake alitupokea kwa "Kamwene", salamu ya Kibena, na kutuketisha jikoni, penye joto. Nilimsomea ule mstari kwa Kiswahili, nikamweleza habari yote tangu wakulima wa Kitandililo, na binti yake akawa anajazia kwa Kibena pale niliporuka. Mama alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Sasa hao watu wote huko duniani," alisema, "upepo ukiwapiga, kinaharibika nini?"

"Hakiharibiki kitu, mama."

"Kwa sababu ya huyu?"

"Kwa sababu ya huyu."

Akachochea jiko, akazilaumu kuni kidogo, kama kawaida yake. Kisha, bila kumtazama binti yake, akasema, "Basi lete kile chungu, tuwapikie maharage."

Rafiki yangu akasimama. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akainama, akakibeba chungu cha bibi yake kwa mara ya kwanza maishani. Lakini hakukiweka motoni. Alikwenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga chini zaidi, akasikiliza tena, akakigeuza.

"Mama," alisema, "kina ufa."

Nikafumba macho. Nilisikia mama akiinuka, nikasikia akikichukua chungu. Nilipofumbua alikuwa anapitisha kidole chini ya kitako, pole pole, akifuata mstari mwembamba uliojaa masizi ya zamani.

"Kumbe kinavujia motoni!" alisema. "Miaka yote hii nalaumu kuni!" Akaanza kucheka, na sasa nikajua kile kicheko cha kukaa chini kilikotoka. "Na nyumba nzima imekula humu, hakuna aliyeniambia."

Alipoweza kusimama akafungua kabati, akatoa vyungu, bakuli na vikombe vyake vyote, akavipanga chini mbele ya binti yake.

"Hebu niangalizie na hivi."